Samli na Mtungi: shajara ya kuchagua rangi ya joto kwa sebule na korido, Tanga

Siku ya 1. Vipimo na hali ya ukuta

Nyumba ni ya tofali za saruji, ipo Tanga mjini. Lipu ni ya zamani na juu yake kuna rangi ya maji ya samawati iliyopauka. Kazi ni sehemu mbili zinazoonana: sebule, na korido inayotoka sebuleni kwenda vyumba vya kulala. Wenyeji wanataka rangi ya joto na wameshapunguza orodha hadi mbili. Humu tumeziita kwa majina ya kazini, maana namba hazikai mdomoni. Samli ni NCS S 1010-Y20R (NCS ni mfumo wa kutaja rangi kwa namba). Mtungi ni NCS S 2020-Y50R.

Namba hizo zinasomeka hivi: tarakimu mbili za kwanza ni kiasi cha weusi, mbili zinazofuata ni ukali wa rangi yenyewe, na kipande cha mwisho kinaonyesha rangi imesimama wapi kati ya njano (Y) na nyekundu (R). Y20R ni njano yenye asilimia 20 ya wekundu. Y50R imesimama katikati kabisa. Kwa hiyo hizi mbili, ingawa zote zinaitwa za joto, zinatofautiana kwa mambo matatu kwa mpigo: Mtungi ina weusi zaidi, ina ukali zaidi, na inaegemea wekundu wakati Samli inaegemea njano. Tofauti hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua, kwa sababu kwenye kadi haionekani sana. Ukutani ndiko inakojitokeza.

Sebule ina urefu wa mita 5.4, upana 4.2, kimo 2.8. Mzunguko ni mita 19.2, mara 2.8 ni mita za mraba 53.8. Toa madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, mlango mmoja wa 0.9 kwa 2.1 na uwazi wa korido wa 1.2 kwa 2.1, jumla 8. Zinabaki 45.8. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni kama 92. Kwa ukuta kama huu tunahesabu mita za mraba 9 kwa lita, si zile 12 zinazoandikwa kwenye kopo, ambazo hupatikana kwenye ukuta laini usionyonya. Inakuja lita 10.2, ukiongeza asilimia 10 ni 11.2. Makopo matatu ya lita 4.

Korido ni mita 6 kwa 1.2, kimo kilekile. Kuta ni mita za mraba 40.3, toa milango minne na uwazi, zinabaki 30.2. Mikono miwili, lita 6.7, na nyongeza 7.4. Makopo mawili.

Praima nyeupe (rangi ya chini ya kushikiza) kwa kote kuwili: mita za mraba 76, kwa hesabu ya mita za mraba 10 kwa lita, makopo mawili ya lita 4.

Ukuta wenyewe tumeupima kwa njia tatu. Kwanza kiganja: ukipitisha mkono mkavu kwenye rangi ya zamani ukatoka na unga, rangi hiyo haishiki kitu kipya mpaka ioshwe na ipigwe praima. Sebuleni unga ulitoka kidogo, hasa chini ya madirisha. Pili tepu: chora alama ya X kwa wembe hadi kwenye lipu, bandika tepu, isugue kwa ukucha, ivute kwa nguvu. Haikutoka na chochote sebuleni. Tatu nailoni: kipande cha sentimita 45 kwa 45, kizibwe kingo zote nne kwa tepu, kikae saa 16 au zaidi. Tumebandika vinne, viwili sebuleni na viwili koridoni, sentimita 20 juu ya sakafu.

Siku ya 2. Korido imekataa

Nailoni za sebuleni zilitoka kavu. Koridoni, ile ya ukuta unaopakana na bafu ilikuwa na matone upande wa ndani, na lipu nyuma yake imekuwa nyeusi. Ukikwangua unakuta unga mweupe wenye ladha ya chumvi, na lipu inabomoka kwa ukucha hadi kimo cha sentimita 50.

Chanzo kilipatikana upande wa pili: saruji kati ya vigae vya bafuni imekatika kwenye pembe ya chini, maji ya kuoga yanapita nyuma ya vigae. Pembe imesafishwa na kuzibwa upya. Lipu iliyolegea imekatwa koridoni, urefu wa mita 2.2, kimo cha sentimita 60, yaani 10 zaidi ya pale unyevu ulipoishia. Chumvi iliyobaki kwenye tofali imesuguliwa kwa brashi kavu ya waya na kufagiliwa. Isioshwe kwa maji: maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, kisha ukuta ukikauka inatoka tena, safari hii chini ya rangi mpya.

Uamuzi: sebule inaendelea, korido inasubiri.

Siku ya 3. Bodi za majaribio

Kosa linalorudiwa mno ni kupaka viraka vya majaribio moja kwa moja kwenye rangi ya zamani. Hapa ukuta ni samawati. Njano nyepesi juu ya samawati inaelekea kijani kwa sababu mbili: mkono mmoja haufuniki vizuri, na hata ukifunika, jicho linaipima rangi kwa kuilinganisha na iliyo kandokando yake. Tulipiga ukanda wa sentimita 30 wa Samli juu ya samawati ili jambo hili lionekane. Mkono wa pili bado ulikuwa na ukijani kama wa embe bichi lililomenywa. Mtungi kwenye ukanda wa jirani ilifunika kwa mikono miwili bila shida, maana tinti yake (rangi nzito ya kuchanganyia) ina oksidi ya chuma nyingi zaidi, nyekundu na ya njano, na oksidi za chuma zinafunika vizuri. Hizo hizo ndizo zinazovumilia alkali ya saruji, yaani ukali wake unaofanana na wa magadi. Dukani tuliomba fomula za oksidi kwa rangi zote mbili, tukakataa njano kali ya kikaboni ambayo mashine hupenda kuitumia kung'arisha rangi za malai.

Bodi: silingi bodi nyeupe ya sentimita 60 kwa 60, vipande sita, vitatu kwa kila rangi. Praima mkono mmoja, rangi mikono miwili kwa rola ileile itakayotumika ukutani, yenye manyoya ya milimita 10. Brashi isitumike kwenye bodi, maana mistari yake inabadilisha jinsi mwanga unavyorudi. Kiwango cha kung'aa kiwe kile kitakachonunuliwa: rangi ileile ikiwa silki (yenye mng'ao kidogo) inaonekana imekolea zaidi kuliko ikiwa mati (isiyong'aa).

Usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi ya maji ikiwa mbichi ni nyepesi, ina uziwa ndani yake, na inakoza ikikauka. Tumeziacha zilale hadi kesho.

Siku ya 4 na 5. Kuangalia

Sehemu hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu rangi umeandikwa kwa nyumba za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Unasema chumba cha dirisha la kaskazini kina mwanga baridi, kipe rangi ya joto. Cha kusini kina jua, kipe baridi. Kwetu hausaidii. Tanga ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta; tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linapita kusini, na mwaka mzima linapita juu sana. Juu ya madirisha kuna paa la baraza. Kwa hiyo mchana kutwa mwanga unaoingia ndani umeshagonga kitu kingine kwanza: majani, udongo wa uani, ukuta wa jirani, bati. Ukitaka kujua rangi itakavyokaa, toka nje utazame dirisha linatazama nini.

Sebule hii inatazama magharibi. Mbele yake kuna baraza la mita 2.4, na mita 6 kutoka hapo mwembe mkubwa. Saa 7 mchana tulishika karatasi nyeupe kwenye ukuta wa nyuma, mkabala wa madirisha. Karatasi ilionekana kama imechovywa kwenye maji ya mchicha. Huo ndio mwanga ambao rangi itaishi nao.

Bodi ziliwekwa sehemu tatu, Samli na Mtungi kila mahali: ukuta wa nyuma unaotazama madirisha, ukuta wa ubavuni ambao mwanga unaupitia kwa mshazari, na pembe ya nyuma ya mlango ambako hakuna mwanga wa maana. Zimeegemezwa wima, si kulazwa mezani. Kitu kilicholala kinapokea mwanga wa juu na hudanganya.

Saa 1 asubuhi. Chumba kiko kivulini, mwanga wa anga, wa ubuluu. Samli inaonekana karibu nyeupe, safi. Mtungi inaonekana kama udongo mkavu, imetulia. Hakuna iliyoshinda.

Saa 4. Jua linapiga majani ya juu ya mwembe. Ukijani unaanza. Samli kwenye ukuta wa nyuma imepoteza joto lote na kuwa na rangi ya karatasi ya zamani. Mtungi imepungua wekundu kidogo, basi.

Saa 7 mchana. Hapa ndipo tofauti ya Y20R na Y50R ilipojulikana mbivu na mbichi. Njano ni jirani wa kijani, kwa hiyo mwanga wa kijani unaivuta Samli upande ule bila upinzani: ukuta wa nyuma umekuwa na ukijani wa wazi, wa mtu anayeumwa. Wekundu ulio ndani ya Mtungi unasimama mkabala na kijani, unakipunguza nguvu, na kinachobaki ni kahawia laini ya joto. Pembeni, nyuma ya mlango, mambo ni kinyume: Mtungi imezama, inaonekana chafu, na Samli ndiyo inayosomeka.

Saa 11 jioni hadi saa 12. Jua limeshuka chini ya paa la baraza, linaingia hadi ukuta wa nyuma. Samli inakuwa dhahabu, nzuri kabisa. Mtungi inawaka machungwa, kali kupita kiasi, na kwa ukuta mzima itakuwa kali zaidi.

Jambo hilo la mwisho lina njia yake ya kupima. Chukua bodi mbili za rangi moja, zisimamishe kama kitabu kilichofunguliwa nusu, utazame ndani ya mkunjo. Rangi inayoonekana mkunjoni imekolea kuliko ya uso wa bodi, kwa sababu mwanga unagonga bodi moja, unachukua rangi, unagonga nyingine, unachukua tena. Kuta nne za chumba zinafanya vivyo hivyo. Mkunjo wa Mtungi ulikuwa mwekundu wa kigae kipya cha paa. Ndiyo maana rangi ya joto iliyopendeza kwenye kadi ya vidole viwili hulalamikiwa ikishakuwa ukutani: duka halikukosea fomula, ni kuta zinarushiana rangi.

Tahadhari mbili. Macho huzoea haraka. Ukikaa chumbani dakika tano unaanza kuona Samli ni nyeupe. Toka nje, tazama karatasi nyeupe, rudi, na uamuzi wako uwe wa sekunde za mwanzo. Na picha za simu zisitumike kuamua: kamera inasahihisha weupe yenyewe na kuondoa joto lile lile mnalojaribu kulinganisha. Picha mbili za bodi ileile, zilizopigwa kwa kupishana dakika moja, zilitoka moja ya pichi na moja ya kijivu.

Siku ya 4 hiyo hiyo, koridoni, lipu mpya ilipigwa kwenye sehemu iliyokatwa: saruji 1 kwa mchanga 5 wa mtoni uliochekechwa, milimita 12. Mchanga wa pwani haukuruhusiwa, ndio unaoleta chumvi. Lipu ilimwagiwa maji kwa siku saba.

Siku ya 6. Balbu

Usiku wa siku ya 4 bodi zilitazamwa chini ya balbu zilizokuwepo, LED nne za wati 9, kelvini 6500 (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ikiwa kubwa mwanga una ubuluu, ikiwa ndogo una unjano), zile nyeupe zenye ubuluu. Mtungi ilishindwa vibaya: pinki ya kijivu, kama bandeji ya kidonda. Samli ilikuwa nyeupe tu, haina hasara wala faida. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari kuifuta Mtungi kwenye orodha kwa sababu ya usiku ule mmoja, na kwa alichokuwa anakiona alikuwa sahihi.

Tuliomba balbu zibadilishwe kabla ya rangi kuhukumiwa. Sebule hutumika zaidi kuanzia saa 1 usiku. Rangi ya joto chini ya 6500 ni fedha iliyotupwa. Zilinunuliwa za kelvini 3000, wati zilezile, za daraja mbili za uaminifu wa rangi, yaani kadiri balbu inavyoonyesha rangi kama zilivyo: zilizoandikwa Ra 80 na zilizoandikwa Ra 90.

Matokeo ya saa 2 usiku: Samli chini ya 3000 ni ya dhahabu laini. Mtungi chini ya 3000 ya Ra 80 imerudi kuwa rangi ya udongo, ila haina uhai, ina ukahawia tu. Chini ya Ra 90 wekundu umerudi na inafanana na mtungi uliotoka tanuruni. Sababu ni kwamba kipimo cha Ra ni wastani wa sampuli nane za rangi zisizokolea, na nyekundu iliyokolea, ambayo huhesabiwa kando kama R9, haimo. Balbu inaweza kupata 80 huku ikionyesha wekundu vibaya. Kwa Samli tofauti ya balbu hizo mbili haikuonekana. Kwa Mtungi ilionekana toka mlangoni.

Siku ya 7. Uamuzi

Mtungi kwa sebule, lakini si kwa nguvu kamili. Tulirudi dukani kuomba fomula ileile kwa robo tatu ya tinti kwenye besi (rangi ya msingi inayotiwa tinti) ileile nyeupe, na ya pili kwa nusu. Nusu ilikuwa pichi ya chumba cha mtoto mchanga, imekosa uzito. Robo tatu, mkunjoni mwa bodi mbili, ilitoa rangi karibu sawa na Mtungi kamili kwenye kadi. Hicho ndicho kilichotakiwa: kuta zenyewe ziongeze robo iliyobaki. Saa 11 jioni haikuwaka.

Kupunguza tinti namna hii kunafanya kazi kwa rangi nyepesi zinazotengenezwa kwenye besi nyeupe. Kwa rangi nzito za besi isiyo na weupe, usipunguze. Tinti ndiyo inayofunika, ukiitoa rangi inakuwa na uwazi.

Samli kwa korido. Korido haina dirisha, ni taa tu, na hapo hesabu ya mwanga inatawala. Samli inarudisha takriban asilimia 70 ya mwanga unaoigonga, Mtungi kama nusu. Mwanga ukigonga kuta mbili mfululizo, Samli inabakiza karibu nusu, Mtungi inabakiza robo. Kwenye njia ya mita 1.2 mwanga unagonga kuta mara nyingi kabla haujafika machoni. Mwembe nao haufiki huko, kwa hiyo ule ukijani uliomwangusha Samli sebuleni haupo.

Swali lilikuwa kama rangi mbili tofauti zitagombana kwenye uwazi. Hazigombani, kwa sababu fremu za milango ni za mninga uliopakwa mafuta, na wekundu wa mninga upo kati ya zote mbili. Zingekuwa fremu za alumini, tungeshauri Samli kote pamoja na kupogoa matawi ya chini ya mwembe.

Siku ya 8. Maandalizi ya sebule

Kuta zimeoshwa kwa maji na sabuni kidogo, zikasuuzwa, zikaachwa saa 24. Nyufa zimefunguliwa kwa ncha ya skrepa hadi milimita 3 ili puti (kijazio cha nyufa) iingie ndani na isikae juu. Matundu ya misumari yamejazwa. Msasa namba 120 kwenye viraka, kisha 180 ukuta mzima kuondoa mng'ao, vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Fremu moja ilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani chini ya vanishi. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na risasi. Hazikwanguliwi wala kusuguliwa kavu ndani ya nyumba yenye watoto. Ililoweshwa, ikasuguliwa kwa msasa wa maji, na matope yake yakakusanywa kwa karatasi na kufungwa kwenye mfuko.

Siku ya 9. Praima

Mkono mmoja ukuta mzima, lita 4.7. Kulikuwa na hoja ya kupiga praima kwenye viraka vya puti tu ili kuokoa. Tulikataa kwa sababu mbili: samawati iliyo chini, na puti inayonyonya kuliko rangi ya zamani. Kiraka kisicho na praima kinanyonya maji ya rangi kabla haijajitandaza, kinakauka kikiwa na kiwango tofauti cha kung'aa, na kila jua la jioni likiingia kwa mshazari viraka vyote vinahesabika.

Siku ya 10 na 11. Rangi sebuleni

Makopo yote matatu yalimiminwa kwenye ndoo moja ya lita 20 na kukorogwa dakika tano hadi chini kabisa. Mashine ya duka ina kosa dogo kila inapodondosha tinti, na kwa rangi iliyopunguzwa tinti kosa hilo linaonekana zaidi. Kopo moja moja, mkifika katikati ya ukuta na kopo la pili, mstari unaonekana.

Maji: mkono wa kwanza asilimia 5, yaani mililita 200 kwa kila lita 4. Wa pili hakuna maji. Anayeongeza lita nzima kwa kopo ili rangi ifike mbali ataipata, na atapiga mkono wa tatu.

Kosa lilitokea siku ya 10. Kona na kingo za dari zilikatwa kwa brashi, yaani zilipakwa kwanza pale rola isipofika, kuzunguka chumba kizima, kisha ndipo rola ikaanza. Brashi ya saa 3 ilikuwa imekauka rola ilipofika saa 5, na ukanda wa brashi ukabaki kama fremu ya picha, umekoza kuliko katikati. Kwenye rangi nyeupe haionekani. Kwenye Mtungi ilionekana ukiwa mlangoni. Dawa yake ilikuwa mkono wa pili kupigwa ukuta mmoja mmoja: mmoja anakata kona za ukuta huo, mwenzake anafuata na rola kabla brashi haijakauka, na rola inasogezwa hadi sentimita 3 kutoka kwenye pembe ili ifunike alama za brashi. Fremu ilipotea.

Kopo linasema saa 2 kati ya mikono. Hiyo ni hewa kavu. Juni hapa, asubuhi yenye unyevu wa bahari, tuliacha saa 5. Mkono wa pili ukipigwa mapema rola inanyanyua ule wa chini na kuacha vipele.

Jumla ya iliyotumika ni lita 10.5. Nusu lita imehifadhiwa kwenye chupa iliyojazwa hadi mdomoni ili isiwe na hewa, ikaandikwa fomula, aina ya besi, neno "robo tatu" na tarehe ya kuchanganywa. Bila neno hilo duka litachanganya Mtungi kamili.

Siku ya 12. Dari

Dari ya jipsamu ilikuwa nyeupe kabisa na haikuwa kwenye kazi. Baada ya kuta kukauka ilionekana ya ubuluu, kama si ya chumba hiki. Weupe mtupu kando ya rangi ya joto ndivyo unavyofanya. Imepigwa mkono mmoja wa nyeupe iliyotiwa mililita 100 za Mtungi iliyobaki kwa kila lita 4. Kwa jicho bado ni nyeupe, na ubuluu umeondoka.

Siku ya 33 hadi 36. Korido

Lipu mpya imetimiza siku 28 na ziada. Nailoni ilikaa usiku kucha, imetoka kavu. Tungeweza kutangulia, na wengi wangetangulia. Lipu mbichi ya saruji ina alkali ya pH 12 hadi 13. Rangi ya maji juu yake hupauka kwa mabaka, na ya mafuta huyeyuka ikawa kama sabuni na kunata. Hata sasa, kile kiraka cha mita 2.2 kimepigwa praima ya kuzuia alkali kwanza, halafu ile ya kawaida ukuta mzima. Puti iliyotumika hapo ni ya saruji nyeupe. Ya jipsamu hulegea ikipata unyevu, na bafu bado lipo upande wa pili.

Samli, silki, mikono miwili, lita 7. Silki ni kwa sababu korido inaguswa na mabega na mikono kila siku na itafutwa kwa kitambaa. Chini ya kelvini 3000 kuta zilizokaribiana zilirushiana njano kuliko tulivyoona kwenye mkunjo wa bodi. Ilikuwa inaelekea ndizi mbivu. Balbu mbili za korido zimebadilishwa kuwa 4000, Samli ikarudi mahali pake. Ukisimama koridoni usiku kutazama sebule, tofauti ya 4000 na 3000 inaonekana kama chumba cha mbele kina moto wa mkaa.

Upande wa bafu, sentimita 20 juu ya sakafu, tumeacha alama ndogo ya penseli nyuma ya mlango. Nailoni itabandikwa tena hapo baada ya vuli, kabla ya kabati la viatu kuegemezwa ukutani.